Kioo cha Kushoto

Nusu ya watu wa Taiping, mji mmoja wa Malaysia, walijifunza udereva kwa Mwalimu Saharuddin, na nusu iliyobaki, alipenda kusema mwenyewe, ndiyo inayogonga miti. Miaka thelathini na miwili alikaa kiti cha abiria cha magari ya shule ya udereva, akipiga kelele. Kila mwanafunzi aliondoka kwake na maneno matatu kichwani: kioo cha ndani, kioo cha pembeni, shingo.

"Kioo kinakuficha mambo," aliwaambia. "Kinakuonyesha kinachotaka. Kilichobaki kiko begani kwako. Geuza shingo, mwanangu, haijafungwa kwa msumari!"

Shingo yake mwenyewe sasa ilikuwa kama imefungwa kwa msumari. Pingili zilikuwa zimesagika, daktari alimwonyesha kwenye picha. Kulia aligeuka kidogo. Kushoto, kidevu kilifika usawa wa mfuko wa shati kikagoma, na akilazimisha, maumivu yalimshuka hadi kwenye vidole. Katika nchi ambayo dereva hukaa kulia na pikipiki hupita kushoto kama nyuki, hilo halikuwa jambo dogo. Lakini aliyejua ni mkewe tu, Rokiah, naye Mwalimu alimwapisha asimwambie binti yao.

Basi Rokiah akawa ndiye shingo. Kila safari alikaa kushoto kwa mumewe, mkoba mapajani, akigeuka badala yake. "Pikipiki," alisema. "Bado. Nyingine. Haya, kata." Waliowaona wakipita pamoja kila siku, hata kwenda kununua mkate, walisema wazee wale wanapendana sana. Miaka miwili ilipita hivyo.

Zawiyah, binti yao, alifanya kazi kiwandani Penang. Alipokuja nyumbani sikukuu aliona ubavu wa kushoto wa gari una michubuko mitatu. Hakuuliza. Mwezi uliofuata akanunua vioo vya pembeni vya kisasa, akavituma kwa fundi Keong, akapiga simu: "Baba, nimeshalipa kila kitu. Peleka gari tu."

Walikwenda Jumamosi asubuhi, yeye na Rokiah. Gereji ya Keong ilikuwa na benchi mlangoni, na juu yake wateja wawili wakinywa kahawa, wote wanafunzi wa Mwalimu wa zamani. Keong alifungua boksi kwa uangalifu kama anafungua keki.

"Tazama, Mwalimu. Hapa kwenye kona ya kioo kuna taa ndogo. Pikipiki ikiingia pale usipoona, inawaka rangi ya machungwa. Ukiwasha indiketa na bado ipo, inapiga kelele. Chini kuna kamera, picha inakuja kwenye skrini. Na kioo kinapata moto chenyewe, mvua ikinyesha kinakauka."

"Na kahawa kinatengeneza?" aliuliza Mwalimu.

Wale wa kwenye benchi wakacheka. Mwalimu alisikia kicheko hicho kikimpasha moto, akaendelea.

"Nimeendesha miaka arobaini kwa kioo cha kawaida, Keong. Kipande cha kioo na plastiki. Kikivunjika nakwenda kwa mchuuzi, nabandika kingine, nakwenda zangu. Hiki kikigongwa na mbuzi?"

"Kikigongwa unanunua kizima," Keong alikubali. Hakuwa mtu wa kusifia bidhaa. "Mimi sikudanganyi. Vina gharama yake. Tope likiziba kamera, huoni kitu. Kuna siku taa inawaka kwa sababu ya ukuta tu. Wengi wanaoniletea hawavihitaji, wanataka majirani waone. Kwa mtu mwenye shingo nzima, kioo cha kawaida kinatosha."

"Umesikia?" Mwalimu akamgeukia mkewe, mwili mzima kama mlango. "Fundi mwenyewe amesema. Hivi ni vya watu wavivu, waliofundishwa na simu. Nikibandika taa kwenye gari langu, nitawaambia nini wanafunzi? Funga boksi, Keong. Mrudishie mtoto hela yake."

"Baba Zawiyah," alisema Rokiah.

"Funga boksi."

"Baba Zawiyah, amesema mwenye shingo nzima."

 Mvua ndogo ilisikika ikidondoka juu ya mabati.

"Rokiah, nyamaza."

"Nimenyamaza miaka miwili. Nimechoka. Siwezi hata kusinzia ndani ya gari. Siwezi kuumwa, siwezi kumtembelea dada yangu, kwa sababu nikibaki nyumbani utaua mtu." Akamgeukia fundi. "Mfungie, mwanangu. Haigeuki. Shingo yake haigeuki hata kidogo."

Mmoja wa wale wa kwenye benchi aliinamia kikombe chake. Yule mwingine alimtazama Mwalimu, kisha akamtazama shingoni hasa, kama mtu anayetazama kiraka kwenye suruali. Mwalimu hakuweza kuvumilia macho hayo. Aliingia ndani ya gari, akawasha, akatoka. Rokiah alimfuata. Alitembea haraka kadiri magoti yalivyomruhusu, akagonga buti la gari kwa kiganja. Mwalimu hakusimama.

Barabara ilikuwa na maji. Njiani Mwalimu alikuwa akisema peke yake, akimjibu Rokiah majibu ambayo yangemnyamazisha. Kwenye njia panda ya sokoni aliwasha indiketa ya kushoto, akatazama kioo cha ndani, akatazama kioo cha pembeni. Kilikuwa na matone, na nyuma ya matone hapakuwa na kitu. Akasubiri. Ilimchukua muda kuelewa kwamba anasubiri sauti ya mkewe iseme haya, kata. Nyuma yake lori likapiga honi. Akakata.

Sauti haikuwa kubwa. Ilikuwa kama mtu amepiga mlango teke. Akaona helmeti ya njano ikipita mbele ya bampa, kisha akasikia mwanamke akipiga ukelele.

Alikuwa Thilaga, mtoa dawa wa zahanati ya karibu na stesheni. Mwalimu alimfundisha miaka minane iliyopita. Alifaulu mara ya kwanza, akamletea boksi la laddu, vitamutamu vya Kihindi. Sasa alikuwa amelala kwenye maji, mguu wa kulia umebanwa kati ya pikipiki na ukingo wa barabara, mfuko wake wa bilinganya umepasuka. Alipomwona aliyesimama juu yake, alisema, "Ah, Mwalimu," kama mtu aliyefarijika.

Polisi aliyefika, yeye pia alikuwa mwanafunzi wake wa zamani, Koplo Hisyam. Alimshika Mwalimu mkono akamkalisha kwenye kibaraza cha duka, akamtafutia maji. Alipofungua daftari aliuliza kwa aibu, kama anayeuliza imamu kama ametawadha.

"Uliwasha indiketa, Mwalimu?"

"Niliwasha."

"Ukatazama vioo?"

"Nilitazama."

"Na shingo uligeuza?" Alikaribia kutabasamu, kwa kuwa kila mtu mjini alijua jibu.

Mwalimu alitazama gari la wagonjwa likifungwa milango.

"Niligeuza."

"Sasa alitokea wapi huyu?"

"Sijui, mwanangu. Labda alikuja kwa kasi."

Hisyam aliandika. Dereva wa lori alikuwa ameshakwenda zake. Kioo cha kawaida hakitunzi kumbukumbu ya kitu.

Mguu wa Thilaga ulikatwa chini ya goti siku ya tatu. Ripoti ikasema mwendesha pikipiki alipita upande wa kushoto wa gari lililokuwa limeshaonyesha ishara, kwa mwendo usiolingana na hali ya barabara. Kwa ripoti hiyo, bima ya gari ilimpa Thilaga kidogo sana. Watu walikuja nyumbani kumpa Mwalimu pole. Walisema vijana wa siku hizi, na pikipiki zao. Wale wawili wa kwenye benchi hawakuja, wala hawakusema kitu popote.

Rokiah aliwaandalia wageni chai, akawasikiliza. Walipoondoka wa mwisho, alikusanya vikombe, akasimama navyo.

"Shingo gani uliyogeuza?"

Mwalimu alitazama mlangoni.

"Nakuuliza. Shingo gani?"

"Unataka nifungwe? Nikifungwa mguu utaota?"

"Nilikaa miaka miwili nikikusaidia kudanganya," alisema Rokiah. "Nilidhani tunadanganya juu ya shingo tu."

Zawiyah alikuja kumchukua mama yake Ijumaa. Hakumfokea baba yake. Alimbusu mkono kama kawaida, na hilo ndilo lililomuuma, kwa sababu alilifanya bila kumtazama.

Mwalimu alipokwenda kuchukua gari kwa Keong, lilikopelekwa kunyooshwa baada ya ajali, alilikuta na vioo vipya. Hakuna aliyemwagiza tena, Keong alivifunga tu, akakataa malipo ya kazi, akakataa pia kuzungumza. "Vimeshalipiwa," alisema, akarudi chini ya gari la mtu mwingine.

Siku hiyo Mwalimu aliendesha kutoka gereji hadi nyumbani, na ile taa ndogo kushoto kwake iliwaka. Ikazimika, ikawaka. Mwanamke mwenye mtoto mgongoni. Mzee na mtungi wa gesi. Wasichana wawili wa shule juu ya pikipiki moja. Mmoja baada ya mwingine walitokea mahali ambapo yeye angeapa hapana mtu. Kufika nyumbani walikuwa kumi na mmoja. Alizima injini akabaki ndani, mikono kwenye usukani. Kumi na mmoja, kwa dakika kumi na mbili, barabara aliyoijua kama kiganja chake.

Kesho yake alikwenda kwa Thilaga. Aliapa moyoni atasema. Njiani alifanya mazoezi ya maneno: sikugeuza, sikuweza kugeuza, niliandikisha uongo.

Thilaga alikuwa amekaa barazani, kisiki cha mguu juu ya mto. Alijaribu kuinuka kwa heshima, mume wake akamzuia. Thilaga alimwita binti yake aje amsalimie Mwalimu wa mama.

"Thilaga," alianza, "ile siku..."

"Mwalimu, usiseme. Nimewaza sana. Mimi ndiye niliyekosea. Ulituambia darasani, mwenye pikipiki asikae ubavuni mwa gari, dereva hamwoni hata afanye nini. Nilichelewa kazini, nikajiambia nitapita tu." Akafuta macho. "Mtu mwingine ningesema hakutazama. Lakini wewe? Wewe ndiye uliyetufundisha kutazama."

Mume wake aliinamisha kichwa, akakubali. Mtoto alileta chai ya maziwa kwenye trei, akitembea polepole isimwagike. Mwalimu aliipokea. Ilikuwa moto na tamu mno. Maneno yake yote yalikuwa bado mdomoni, na alipomeza funda la kwanza, yalishuka nalo.

Jioni alimpigia Rokiah huko Penang.

"Nimetoka kwa Thilaga," alisema.

"Umemwambia?"

Alisikia televisheni nyuma ya mkewe, na mjukuu akicheka.

"Walinikaribisha chai," alisema.

 Rokiah akakata simu, na tangu siku hiyo kila Mwalimu alipompigia, aliyepokea alikuwa Zawiyah.