Upepo wa Kuazima

Mwanangu Uilani aliponiambia anatuletea mchumba kutoka Las Vegas, sikumwogopa huyo kijana hata kidogo. Nilimwogopa mama yangu.

Mama yangu, Bibi Haliaka, meno yamemwisha lakini ulimi umebaki mzima. Mgeni yeyote anayefika kwetu hapa kisiwani, bonde la Waikaulu, hata awe amekuja kusoma mita ya umeme, lazima asimame chini ya ngazi za baraza aseme mlima wa kwao, maji ya kwao na upepo wa kwao. Asiposema, Mama hamwoni. Atasimama hapo mpaka aote magimbi masikioni, na Mama anajipepea tu kwa pepeo lake. Mchungaji wetu mpya alikuja akaanza na Bwana Yesu. Aliachwa juani mpaka akaukumbuka upepo wa kwao.

Upepo ndio kipimo chake hasa. Milima inaonekana na mito iko kwenye ramani, lakini upepo lazima uwe umekupiga. Na huku kwetu upepo ule ule ukivuka mgongo wa mlima unabadili jina, kwa hiyo mtu akishakutajia wake, umeshajua hata mlango wa nyumba yao unatazama wapi. Wetu unaitwa Wehelole, yaani mfunua nguo. Unashuka bondeni bila hodi. Siku ya kumzika marehemu baba ulimfunua mke wa shemasi sketi mbele ya jeneza, na Mama, mjane mbichi kabisa, akacheka mpaka akaketi chini. Anaupenda upepo ule kuliko anavyotupenda sisi tuliotoka tumboni mwake.

Sasa nisikilizeni shida yangu. Kaka yangu Iokepa alikwenda Las Vegas kutafuta nyumba anayoweza kuilipia, akasema anarudi baada ya muda mfupi. Wajukuu zake wanaota ndevu huko. Nusu ya watu wetu wako huko, wanafanya kazi kwenye majumba ya kamari na kulia wakiona picha ya bahari. Uilani naye alishanipasulia: "Mama, Bibi akimkataa Kamuela, naondoka naye." Mwanangu wa pekee! Ningebaki na nani? Na kikongwe anayejipepea, na mume wangu Pika, ambaye watu wanaomsikiliza ni nguruwe tu.

Jumapili wakaja. Pika alikuwa ameshafukua nguruwe aliyemwoka shimoni, nyama inatoka mvuke, mate yanatudondoka. Kamuela akashuka garini. Jitu refu, sura yetu kabisa, pua yetu, miguu yetu mipana. Lakini shati la maua bado lina mikunjo ya dukani, na mkononi kashika boksi la chokoleti lenye picha ya mnazi. Kalinunua uwanja wa ndege wa hapa hapa! Mtu anatuletea zawadi ya kwetu, na kwa bei ya watalii. Nikamtazama Uilani, akajitia hamnazo.

Kijana akasimama chini ya ngazi. Jasho chapachapa. Akataja mlima wa kwao kule, akataja mto, vizuri tu. Kisha akavuta pumzi.

"Upepo wangu ni Wehelole."

Pepeo la Mama likasimama hewani.

Pika, ambaye akili zake huchelewa basi kila siku, akarusha mikono juu. "Ala! Kumbe ndugu! Karibu sana ndugu yetu!"

"Ndugu?" Mama akasema. "Kama ni ndugu, anamwoaje dada yake? Wewe kijana, babu yako nani?"

"Bibi, mimi..."

"Nimekuuliza babu. Upepo huu una watu wake, na wote nawajua, wazima na wafu, na hata wale waliozaliwa nje ya ndoa. Wewe umetokea kwenye tumbo gani?"

Kijana akamgeukia Uilani. Uilani akashindwa kuvumilia. "Bibi, nilimpa mimi."

"Ulimpa nini?"

"Upepo. Yeye hana. Nikamfundisha aseme wa kwetu, nilidhani utafurahi."

"Nitafurahi! Umempa mtu upepo wangu kama unamwazima mwavuli?" Mama akamgeukia Kamuela. "Na wewe ukapokea. Huna haya. Hata mwizi wa kuku huwa hasimami mlangoni kwa mwenye kuku akasema huyu wangu. Rudi kwenye ndege yako."

"Twende, Kamuela," Uilani akasema, na tayari alikuwa ameshikilia mlango wa gari.

Hapo kichwa changu kikapata moto. Nilimfuata Mama pale pale kwenye kiti chake, mwiko mkononi.

"Mama, ukimfukuza huyu umemfukuza na mwanangu. Iokepa hakukutosha?"

Tangu aondoke, jina la Iokepa halitajwi mbele ya Mama. Pika aliinama akaanza kuangalia nguruwe kana kwamba anataka kumzika tena. Mama alinikata jicho, nikadhani nitalambwa kofi nikiwa na mvi zangu. Hakunipiga. Alitazama lile gari, akamtazama Uilani.

"Wewe, mtu wa chokoleti," akaita. "Njoo. Huko ulikozaliwa hakuna upepo?"

"Upo, Bibi."

"Ukoje?"

"Mbaya." Kijana akarudi polepole. "Wa moto. Unatoka jangwani, unaleta mchanga mpaka kwenye meno. Unanuka matairi na mafuta ya kukaangia."

"Jina lake?"

"Hauna jina. Hakuna mtu anayeupa jina."

"Upepo uliokulea hauna jina, halafu wewe unaniibia wangu? Upe jina. Hapa hapa, sasa hivi. Na ukileta upuuzi nitajua."

Mungu wangu. Nikatamani kumnong'oneza chochote, hata uongo. Alipoanza kusema hakuwa anamtazama Mama tena.

"Mama yangu alipelekwa kule akiwa mdogo sana. Waliompeleka wakafa mapema. Hajui alitoka kisiwa gani, sembuse bonde. Anaukumbuka upepo tu, jinsi ulivyomgusa usoni. Kila jioni akitoka kazini husimama kwenye maegesho ya magari. Upepo ukija, anainua uso, anafumba macho, anausikiliza. Halafu anasema, 'Siyo huu.' Anaingia ndani kupika."

Akarudisha macho kwa Mama.

"Basi nauita Siyo-Huu," akasema. "Upepo wangu ni Siyo-Huu."

Mama aliliweka pepeo mapajani. Mimi machozi yalishanitoka, nikasingizia moshi wa shimo, wakati shimo lilishapoa.

"Upepo wa hovyo," Mama akasema. "Lakini ni wako. Panda juu, ule."

Uilani aliuachia mlango wa gari. Kijana alipanda ngazi, lile boksi lake la chokoleti limebonyea kwapani, na alipofika juu Mama akamdaka mkono.

"Mama yako yu hai?"

"Yu hai, Bibi."

"Mlete. Mlete asimame hapa barazani, afumbe macho. Tuone atasema nini."

Kamuela akatazama chini. "Na akisema siyo huu?"

"Basi tutavuka mlima, asimame bonde la pili. Akikataa, la tatu. Mabonde yapo, na mimi mzee sina kazi."