Waliopatwa na Mwezi

Katika duka lile la dobi, mpiga pasi alikuwa mama mjane mwenye mikono migumu na mdomo usio na pazia. Miaka yote alifanya kazi kwa amani, mpaka mwenye duka alipomleta kitinda mimba wa kwao, mwanamume wa miaka thelathini na minne, ambaye walimwita Profesa kwa kuwa hakuwahi kumaliza chochote.

Jumatatu ya wiki ya pili tu, Profesa aliingia ameshika kiuno.

"Dada, leo mwezi mpevu. Nguvu zangu zote zimevutwa juu. Nikigusa pasi nitazimia."

Alikuwa amesoma hayo kwenye simu. Dada yake, mwenye duka, akamhurumia, akamwacha ajilaze juu ya mashuka ya wateja. Mpiga pasi akabeba kazi ya wawili.

Jumatatu iliyofuata, mwezi ukawa unapungua vibaya. Jumatatu ya tatu, mwandamo ukamkata pumzi.

"Baba," mpiga pasi akamuuliza, "mwezi gani huu unaokujia kila Jumatatu? Hata kuku hatagi kwa ratiba hiyo."

"Mama, wewe mwili wako mzito. Haupokei mawimbi."

"Unapokea mashuka, mwanangu. Themanini tangu asubuhi."

Wiki mbili baadaye redio ikatangaza kwamba Alhamisi mwezi utapatwa. Profesa akaomba siku saba: tatu za kujiandaa, moja ya tukio lenyewe, tatu za kurudiwa na fahamu. Akapewa zote.

Kesho yake mwenye duka aliwakuta wafanyakazi wake wamekaa kwenye benchi, mikono mapajani.

"Kuna nini?"

"Tumepatwa, bosi," akasema mpiga pasi.

"Mmepatwa na nini?"

"Na mwezi. Dereva huyu amepatwa tangu jana, hata usukani haoni."

Dereva akaitikia kwa kichwa, kwa unyonge mkubwa.

Mashuka ya hoteli yalitakiwa saa sita. Mwenye duka akaita, akabembeleza, akapiga meza, benchi halikutikisika. Mwishowe akamkokota mdogo wake kutoka kitandani, wakashika pasi wawili. Shuka la tano likatoboka, tundu lenye umbo la pasi kabisa.

"Ni mwezi huo, dada."

"Mwezi ndio ulioshika pasi?"

Akamhamishia kwenye kuloweka soksi. Profesa alivumilia siku mbili, akaondoka kwa hasira, akafungua ofisi upande wa pili wa barabara, akawa anawasomea watu nguvu zao kwa kufuata mwezi. Haikuisha wiki, foleni ikafika mlangoni pa dobi. Dada mtu naye alikuwemo, amejitanda khanga mpaka puani.

Mwanamke mmoja akamgeukia mpiga pasi. "Mama, ni kweli huyu bwana anajua mambo ya nguvu za mwili?"

"Anazitunza hasa. Zake hajazitumia tangu azaliwe, ziko vilevile."

Yule mwanamke akashukuru, akasogea mbele.