Sharubu Kwenye Chupa za Dripu

Haya alinisimulia binti yangu, muuguzi wa zahanati, Jumapili iliyopita tukipepeta mchele, na kwa tulivyocheka, mchele mwingi uliishia kwa kuku.

Ilikuwa siku moja kabla ya kura. Mheshimiwa wetu, ambaye watu humwita Sharubu, alikuwa ametuletea barabara ya lami. Sawa, ahsante. Ila katapila lake lilipasua bomba la maji, watu wakachota mtaroni, na kipindupindu kikaingia bila hodi. Sharubu akaona haya, akaleta makatoni ya dripu, kila chupa imebandikwa sura yake: juu kofia ya chama, chini masharubu kama ufagio.

Asubuhi hiyo msimamizi wa uchaguzi akafika, akayakalia makatoni.

"Kampeni zilifungwa jana. Picha ya mgombea haigawiwi."

"Kaka, mle ndani kuna mtoto wa miaka mitatu," binti yangu akamwambia. "Hata kijiko cha maji hakishuki. Bila dripu hafiki saa sita."

"Dada, sheria ni sheria. Toa picha, ndipo utoe dripu."

Alidhani amemaliza maneno. Binti yangu akaita mara moja tu: akaja mfagizi, akaja mama wa mtoto, wakaja wanawake wote wa foleni. Kucha zikaanza kazi. Lo, gundi ile! Kuna ndoa hazijashikana hivyo. Kofia ikabanduka, macho yakabanduka, masharubu yakagoma.

"Hayo ndiyo kampeni yenyewe," msimamizi akasema. "Yatoke."

"Ungekuwa mume wangu ningekunyoa wewe kwanza," mfagizi akamjibu.

Akachomoa mafuta ya nywele kwenye mkoba wake, akapaka, akasugua. Masharubu yakateleza yenyewe. Vigelegele! Chupa ya kwanza ikakimbizwa ndani. Binti yangu akautafuta mshipa mara tatu kwenye kile kimkono, mara ya nne akaupata.

Nje kazi ikaendelea, maana wodi ilikuwa imejaa. Ndoo zote, hata ya taka, zilikuwa kwa wagonjwa, kwa hiyo kila kofia iliyobanduka ikabandikwa palipo karibu: ukutani, mlangoni, na (hapa mfagizi simtetei) mgongoni kwa msimamizi.

Msimamizi akatoka kununua maji ya kunywa. Vijana wa chama cha pili wakamwona kwa nyuma.

"Jamani, refa kavaa jezi!"

Akarudi mbio. "Dada, nitolee hizi!"

"Zitatolewa, kaka. Wagonjwa kwanza."

Basi akavua shati, akaketi kifua wazi mlangoni mwa wodi, akasugua chupa kuliko wote, ili zamu ya shati lake ifike.

Saa sita ikapita. Mtoto akafumbua macho.

"Mama, yule baba mbona hana nguo?"

Wodi nzima ikaangua kicheko, mama yake akicheka na kulia pamoja. Mara mtoto akalowesha shuka. Mkojo! Binti yangu alicheza pale pale, maana mgonjwa wa kipindupindu akikojoa, maji yamerudi mwilini.

Usiku ulipoingia mtoto akalala. Mama yake naye, kichwa ukingoni mwa kitanda. Msimamizi akakoroma juu ya makatoni matupu, chupa ya mwisho mkononi. Binti yangu akazungukia dripu zote, akamfunika yule mwenye sheria kwa shati lake, akajinyoosha kwenye benchi, akalala.