Neno Lililomkwama Mzee Albano

Nimefeli kwa alama mbili, na kilichonifelisha ni adabu. Mie Mwanaheri, muuguzi, nimelelewa na mama yangu hapa hapa Kiwalani kwamba mkubwa akizungumza, mdogo hadakii neno. Sasa mtahini kaniandikia: "Mtahiniwa hakushiriki mazungumzo." Eti sikushiriki. Kama kumsikiliza mzee ni kosa, basi mtaa wetu mzima tuna hatia, na hata wafungwa wa gereza la Segerea walipewa nafasi ya kujitetea.

Kuna hospitali Ujerumani imenipa kazi, kwa sharti nifaulu lugha yao kabla Juni haijaisha. Miezi minane nimegombana na sentensi zao. Kwetu mtu anasema "kwa sababu tunapika chakula", yakaisha. Wao ukishatamka "kwa sababu", tendo linasukumwa mwisho kabisa: kwa sababu sisi chakula tunapika. Msikilizaji anakaa roho juu, hajui hicho chakula kinapikwa, kinamwagwa au kinaibwa, mpaka msemaji apende kumaliza. Ujeuri gani huo? Lakini nilikomaa nao mpaka ukaniingia.

Mtihani wa kuzungumza mnaingia wawili wawili, mnapanga sherehe kwa Kijerumani. Nikapangwa na Mzee Albano, mchonga vinyago, umri wa baba yangu, anayetaka kumfuata binti yake huko. Nikamwamkia, akaitikia, tukaketi. Alianza vizuri tu.

"Weil wir das Essen..."

Akakwama. Kwa sababu sisi chakula... na tendo likamkimbia. Mie ninalo, kochen, yaani kupika, liko kwenye ncha ya ulimi. Nikainamisha macho. Nimmalizie sentensi mzee wa watu, mbele ya wageni, kama namfundisha kuongea? Nikasubiri, naye akasubiri. Mtahini akaandika anayoyajua, na muda ukaisha chakula hakijapikwa.

Juzi Mzee Albano alikuja nyumbani na majibu yake mkononi. Naye kafeli. Nikamfokea yule mtahini hewani, mwenyewe hayupo, robo saa nzima, kwamba watu wale hawana utu, mtu anaadhibiwa kwa kulelewa vizuri. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa maneno.

"Mwanangu," akasema, "lile neno ulikuwa unalijua?"

"Nilikuwa nalijua, mzee."

"Mie nilikuwa nakutazama unisaidie. Nikaona umeinama. Nikasema huyu naye hajui, tumekwisha."

Nilikosa pa kuuweka uso wangu. Kumbe heshima yote ile nilikuwa namwacha mzee azame huku nimefumba macho. Hasira niliyokuwa nayo kwa mtahini ikanigeukia mwenyewe, na ilikuwa kali zaidi.

Marudio ni Jumamosi, na baada ya hapo hakuna Juni nyingine. Tumeomba tupangwe pamoja tena. Tangu siku ile tunafanya mazoezi barazani kwetu, na kila anapokwama, ulimi wangu unagoma. Jana alasiri alikwama pale pale.

"Weil wir das Essen..."

Akanikazia macho. Mama alikuwa mlangoni anachambua mchele, masikio yote kwetu.

"Kochen," nikasema kwa nguvu, nikimtazama mzee usoni.

Mama akaacha kuchambua. Mzee Albano akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyeamkiwa.

"Marahaba," akasema.