Injini ya Mashua Kijijini Mtomkavu

Kijiji cha Mtomkavu, mbele ya Mbagala ukiishika njia ya Kilwa, hakikuwa na bahari wala ziwa, na mto wenyewe uliokipa jina ulikuwa umejifia kabla mababu hawajazaliwa. Lakini kilikuwa na injini ya mashua.

Ilikuja hivi. Watu walipohamia pale kuishi kijamaa, wanawake waliomba mashine ya kusaga. Ombi likapanda ngazi, likashuka ngazi, na siku moja lori likaja na injini ya dizeli ya silinda mbili, pamoja na pangaboi lake la shaba na boya jekundu la kuokolea wanaozama. Dereva wa lori aliulizwa kama hakupotea njia. Akasema yeye kaambiwa injini, kaambiwa Mtomkavu, mengine wakamuulize aliyempakilia. Wazee wakaona heri kenda shika kuliko kumi nenda uje, wakaipokea. Pangaboi likatundikwa kwenye mkorosho, likawa kengele ya kuwaita watu shambani. Boya akalichukua Mwenyekiti Nikodemu, akawa analikalia mikutanoni kwa sababu ya bawasiri yake. Injini ikafungwa juu ya sakafu ya saruji ya Wazo, ikavishwa mkanda, mkanda ukavishwa kinu cha mashine, na unga ukatoka.

Mkuu wa mashine alikuwa Mauwa. Cheo chenyewe hakikuwa na mshahara. Kilikuwa na heshima na masizi. Kwa kuwa injini ile iliumbwa inywe maji ya bahari ili isipate moto, Mauwa aliweka sheria: mwenye kuja na mahindi aje na ndoo ya maji. Maji yaliingia baridi upande huu, yakazunguka tumboni mwa injini, yakatoka upande wa pili vuguvugu, na hapo palikuwa na foleni ya kina mama wenye watoto wa kuogeshwa. Mtoto wa Mtomkavu ulimjua kwa harufu ya dizeli.

Siku unga wa kwanza ulipotoka, Mauwa alifanya jambo ambalo ukoo wa mumewe haukumsamehe. Alikwenda nyumbani, akauchukua mchi wa kutwangia wa mama mkwe wake, Bi Nunu, mchi wa mninga uliolainishwa na viganja vya mabibi na mabibi, akaupasua kuni, akachemshia chai. Wenzake wakaona raha, nao wakapasua yao. Juma zima kijiji kilipikia michi. Bi Nunu aliinywa ile chai taratibu, akairamba midomo, akasema, "Tamu. Siku mashine ikiondoka, mwanangu, utatwanga kwa kiwiko."

Kwa hiyo habari ilipofika kwamba mashua ya injini ile imepatikana huko pwani, na kwamba ofisa wa uvuvi anakuja keshokutwa kuichukua injini yake, Mauwa alihisi kiwiko kinamuuma.

Mkutano ukaitishwa. Mwenyekiti Nikodemu, akiwa juu ya boya lake, alitoa hoja: huyo ofisa ni binadamu, ana macho na ana haya. Akiona jinsi mashine inavyosaga, ataona aibu kuing'oa. Hoja ilipendwa na wote. Kasoro yake ilikuwa moja tu, kwamba mashine ilisaga kama mzee asiye na meno anavyotafuna karanga. Mtu angeweza kuleta mahindi, akarudi nyumbani kugombana na mumewe, wakapatana, akaja akakuta ndiyo kwanza debe limefika nusu.

Hapo akainuka Polikarpo.

Polikarpo alikuwa ametoka Mtwara na maneno mengi. Kwamba aliwahi kufanya kazi melini halikuwa na ubishi. Kofia alikuwa nayo, na hata kwenye mchanga alitembea kama mtu ambaye sakafu inamyumba. Alifanya kazi gani huko melini, hakuna aliyewahi kujua, maana ukimuuliza neno alikujibu bandari.

"Injini hii mnailisha kama mgonjwa," akasema. "Mafuta tone, moto tone. Kitu kitaiva lini?"

"Sasa tufanyeje?" Mauwa akauliza.

"Mafuta yaongezwe, moto uongezwe, na mfuniko utolewe ipumue."

"Mfuniko gani?"

"Huo hapo," akasema, akionyesha kwa kidevu chujio la hewa.

"Polikarpo, mie nashinda hapa na bisibisi tangu asubuhi mpaka magharibi. Ile skrubu ya mafuta kwenye pampu imefungwa waya na lakiri ya risasi. Walioifunga si wapumbavu."

"Dada Mauwa, hata chupa ya soda inafungwa. Umewahi kumwona mtu akaiacha asinywe, eti imefungwa?"

Watu wakacheka, na hoja iliyochekwa mkutanoni imeshavishwa sanda. Polikarpo akaona upepo uko upande wake, akapandisha tanga. "Tena humo ndani mna kitu kinaitwa gavana. Kazi yake ni kuibana injini isikimbie."

Mwenyekiti akainuka kwenye boya. "Bado yumo?"

"Yumo."

"Tangu uhuru?"

"Hajatoka hata siku moja."

Mwenyekiti akasema kwamba kwa kijiji cha ujamaa hiyo ni aibu, na mkutano ukakubali kwa sauti moja. Mauwa alikuwa na la kusema bado. Lakini akamwona Bi Nunu, pale mbele, akijikanda kiwiko kwa mafuta ya nazi huku akimtazama. Akaketi.

Kesho yake Polikarpo alikuja na kisu cha kukatia vitunguu. Akakata waya, akazungusha skrubu kidogo, akachovya kidole kwenye dizeli, akakilamba. "Bado," akasema, akazungusha tena. Gavana hakumfukuza, ila alimwondolea springi yake, akampa ya kiti cha baiskeli, ngumu kama roho ya mkopeshaji. Chujio la hewa akaling'oa, likabaki tundu tupu la upana wa kikombe. Kisha akasema waiwashe.

Mungu amsamehe Mauwa, alifurahi. Injini ilinguruma hata kuku wakakimbilia kijiji cha jirani. Mahindi yalishuka kama yamesukumwa na mkwe, unga ukatoka mwepesi, wenye joto. Adelina alileta debe lake, na kabla hajamaliza kumsalimia Mauwa na kuulizia hali za watoto, debe limekwisha. Moshi uliotoka ulikuwa mweusi wa kutisha, lakini ulikwenda zake juu na hakuna aliyeuona kama ni wake.

Upande wa pili, Yuliana aliweka mkono kwenye maji ya kuogeshea, akautoa upesi. Akamweka mtoto kando, akaenda akarudi na kuku aliyechinjwa kwa ajili ya mgeni. Akamchovya. Manyoya yakatoka yenyewe.

Mauwa akazima mashine. "Polikarpo, maji yananyonyoa kuku."

"Si vizuri? Kazi mbili kwa moto mmoja."

"Kama maji yanayopita tu yako hivi, huko ndani kukoje?"

"Kumeiva," akasema Polikarpo.

Mauwa akamwambia arudishe kila kitu. Polikarpo akakiri, kwa mara ya kwanza kwa sauti ndogo, kwamba hakumbuki skrubu aliizungusha mara ngapi, wala springi ya zamani na chujio aliviweka wapi. Basi Mauwa akasokota kamba ya ukindu, akaufunga mkono wa kuongezea mafuta usivuke nusu ya njia yake, na akatangaza kwamba atakayeifungua ile kamba atakula mahindi ya kutafuna mpaka afe.

Ofisa aliwasili kwa Landrova iliyoendeshwa na mtu mfupi aitwaye Marijani. Ofisa mwenyewe, Ndugu Hamoud, alikuwa mrefu, mpole, amevaa suti ya mikono mifupi iliyopigwa pasi ikasimama. Aliwaamkia wazee shikamoo mmoja mmoja, akasema anasikitika, ila injini ni ya wavuvi, na wavuvi wanangoja.

"Umefanya vyema kuja, ndugu," Mauwa akasema. "Lakini kabla hujabeba, tazama."

Akaiwasha. Kwa nusu ya mkono ilisaga vizuri mno, unga ukimiminika mweupe. Wanawake wakapiga vigelegele kama walivyokuwa wameelekezwa. Ndugu Hamoud akachota unga, akaunusa, akautazama umati, na Mauwa akaona kabisa ile aibu iliyotabiriwa na Mwenyekiti ikianza kumpanda usoni. Ilibaki kidogo tu.

"Hii kamba ya nini?" ofisa akauliza.

"Inatosha hapo, ndugu."

"Kwani ikifunguliwa?"

"Inakwenda zaidi."

Ndugu Hamoud akageuka nyuma kama mwenye siri, akainama sikioni mwa Mauwa. "Bibie, nikuambie kitu. Mie ni ofisa wa uvuvi miaka mingi, na kazi yangu yote ni mafaili. Injini hizi nazigawa tu. Sijawahi kushika mkono wa hata moja. Wacha nionje."

"Ndugu, nakuomba usifanye."

"Kidogo tu," akasema, akaifungua kamba na kuusukuma mkono mpaka mwisho.

Injini ikashtuka kama mtu aliyeitwa kwa jina lake la utotoni, ikaondoka. Mwanzo ilinguruma, kisha ikalia, kisha ikapiga mluzi. Mkanda ukawa hauonekani. Kinu kikatapika unga wote kwa mpigo, na pale aliposimama ofisa pakawa na mzimu mrefu mweupe wenye macho mawili. Mzimu ukauvuta mkono nyuma. Injini haikujali.

Marijani akaruka, akafunga bomba la dizeli. Injini ikaendelea, tena kwa hasira zaidi. "Inakunywa oili yake yenyewe sasa," akapaza sauti. "Itakimbia hivi mpaka ipasuke. Tokeni hapa."

Watu hawakungoja tafsiri. Mwenyekiti Nikodemu, kwa ushujaa ambao hakuna aliyemdhania, alikimbilia injini badala ya kuikimbia. Alikuwa amesikia mahali kwamba injini ikizibwa pumzi hufa, akaja na boya lake, akalibandika kwenye tundu la hewa. Boya, kama maboya yote, lilikuwa na tundu katikati. Akalitazama, akaelewa, akafuata wenzake.

Mauwa alimkuta Polikarpo nyuma ya mkorosho, akamshika ukosi. "We mtu wa meli, inazimwaje?"

"Sijui."

"Melini ulikuwa unafanya nini?"

Polikarpo akafumba macho. "Nilikuwa jikoni, dada. Nilikuwa naunga mchuzi."

Katika siku nyingine Mauwa angemnyonga, lakini mluzi wa injini ulikuwa umepanda mpaka meno yanauma. "Basi niambie hukohuko jikoni. Mafuta yakishika moto kikaangoni, unafanya nini?"

"Nafunika."

"Kwa kitu gani?"

"Kwa chochote kisicho na tundu," akasema Polikarpo, na kwa bahati mbaya au nzuri wote wawili wakatazama mahali pamoja. Mkekani palikuwa na sinia kubwa la shaba lenye pilau ya mgeni, na kuku yule wa Yuliana amekaa juu yake kama sultani.

"Usifanye hivyo," Polikarpo akasema kwa uchungu wa kweli. "Nimeipika mie."

Mauwa akalipindua sinia, pilau na sultani wakaenda mchangani, akakimbia nalo ameinama, akalibandika kwenye tundu. Injini ikalivuta likashikamana kwa kishindo, likaanza kubonyea katikati. Ikakohoa. Ikatetemeka mpaka sakafu. Ndani kikavunjika kitu, kwa mlio wa mua ukivunjwa gotini, na kimya kikashuka pamoja na unga uliokuwa bado hewani.

Marijani alikagua kwa muda mrefu. Mwishowe akailegeza springi, akafungua dizeli kidogo, akaiwasha tena. Injini ikasema "tu!", ikanyamaza kama inakumbuka jambo, ikasema "tu!" tena. "Silinda moja imekufa," akatoa taarifa. "Hiyo iliyobaki kusaga itasaga. Kusukuma mashua yenye watu, hapana." Kisha akachungulia pampu. "Tena lakiri imekatwa, mzee."

Ndugu Hamoud akajipangusa macho. Upole ulikuwa umemtoka. "Nani kaikata? Hii ni mali ya umma. Nataka jina."

Mtomkavu nzima ikagundua jinsi mawingu yalivyokuwa mazuri siku ile. Mauwa alijua kwamba likitajwa jina moja, injini itapakiwa hivyohivyo mbovu kwenda kuwa ushahidi, na mwenye jina atakwenda gereza la Segerea. Akamsogelea ofisa, akaanza kumpangusa unga begani kwa ncha ya khanga, polepole, kama dada mtu.

"Tutasema, ndugu. Huko mbele ya wakubwa tutasema yote, hatufichi. Nani kakata lakiri, nani kaweka springi. Halafu najua watauliza na swali la mwisho."

"Lipi?"

"Nani kafungua kamba."

Ofisa akatazama chini. Kamba ya ukindu ilikuwa bado mkononi mwake, ameizungusha kidoleni kama pete. Akaanza kuizongoa.

"Marijani," akasema baadaye, "kwa maoni yako, injini hii inafaa bahari?"

"Mzee, mie hata ingekuwa nzima siipandi."

"Basi haifai bahari. Nitawaambia wakubwa nimeijaribu mwenyewe, haifai, ibaki isage." Akaikunja kamba, akaitia mfukoni, akajikohoza. Kisha akamwinamia Mauwa tena, na chini ya ule unga akawa anatabasamu kama mtoto. "Ila ilikimbia."

"Ilikimbia, ndugu."

Walimpa ukoko wa pilau uliobaki sufuriani. Akauliza nani fundi wa chakula kile, na Polikarpo akajitokeza, akavua kofia, wala hakutaja bandari yoyote.

Landrova haijafika hata barabarani, foleni ilikuwa imeshajipanga, kila mwanamke na ndoo yake. Injini ilisema "tu!", ikapumzika, ikasema "tu!" tena. Unga ulidondoka punje kwa punje, na Adelina, aliyekuwa wa kwanza, alisimama juu ya mguu huu, akahamia huu, akapiga miayo.

"Shoga, sasa hii tutakula lini?"

"Mwenye haraka," Mauwa akasema bila kugeuka, akimwagia injini maji, "aende akatwange."

Hakuna aliyetoka kwenye foleni.