Kiti cha Marena

Barua ya wakala wa Nairobi ilifika Keroka Jumatatu, na Hasmukh akaisoma kwa sauti kwenye kaunta ya duka lake la vipuri. Kampuni ya Lindauer imeacha kuunda Marena, gari lake la kifahari la familia, lile lenye kimo cha gari la shamba na viti vya gari la arusi. Mahali pake limeingia jingine, jina lake Altiva. Mwenye Marena alirudishe, achukue Altiva.

"Ni ile ile," Hasmukh akamwambia mkewe. "Imeongezwa taa na jina mpya tu. Alhamisi Onyancha ataipeleka yetu Nairobi."

Watu wa kampuni wana raha yao. Wanazika na kuzaa siku moja, na hakuna anayevaa nyeupe ya msiba. Padma, mkewe, aliyevaa nyeupe kwa mwezi wa nne sasa, aliisikiliza barua mpaka mwisho, akaendelea kupanga mikanda ya feni kwenye rafu. Tangu malaria imchukue Dev, mwana wao wa pekee, hakuna kilichomgusa. Chai ya moto ilimuunguza ulimi na hakujali. Wala hakuwa amelia. Jamaa zao kutoka Kisumu walimngojea alie siku zote kumi na tatu za matanga, wakachoka, wakarudi kwao.

Kitu kimoja tu kilikuwa bado kinamshika. Dev ndiye aliyekuwa akiliendesha lile Marena, na alikuwa mrefu wa miguu, kwa hiyo kiti cha dereva alikisukuma nyuma mpaka mwisho. Onyancha, dereva wa duka, ni mfupi, lakini baada ya msiba hakukivuta kiti. Alijiwekea mto mgongoni, akawa anaitafuta breki kwa ncha ya kiatu. Hakuna aliyemwagiza. Padma alikaa nyuma yake kila safari, magoti yamebanwa na mgongo wa kile kiti, na hapo ndipo pekee duniani palipobaki na kipimo cha mwanawe. Alhamisi kipimo hicho kingekwenda Nairobi.

Jumatano asubuhi Onyancha alisimama mlangoni, kofia mkononi.

"Bibi yangu Nyaboke amejifungua, Mama. Kijana. Lakini ni kulia tu. Mama yangu amemwitia wazee wetu wote wenye walitangulia. Angwenyi, Mogire, wote amekataa. Kwetu mtoto hulia mpaka aitwe yule anamtaka. Sasa jana mama aliita Dev. Akanyamaza."

Hasmukh akapiga kaunta kwa kiganja. "Mtoto yangu si Marena! Huwezi weka mwingine mahali yake!"

"Si mahali yake, Mzee. Kwetu jina ya mtu haiachwi baridi. Nimekuja kuomba ruhusa. Mkikataa, tutatafuta ingine."

Miezi minne hakuna aliyelitaja jina hilo mle dukani. Padma aliuweka chini mkanda aliokuwa ameushika.

"Nipeleke nimwone," akasema.

Walikwenda Magwagwa, gari likipanda na kushuka katikati ya mashamba ya chai, mto mgongoni mwa Onyancha, magoti ya Padma yamebanwa. Nyumbani kwa Onyancha, Kemuma, mama yake, alimpakatisha Padma mtoto. Alikuwa mwekundu, amejikunja, miguu mifupi ya babake. Akaanza kulia.

"Mwite," Kemuma akamwambia.

Padma alifungua kinywa mara mbili kabla jina halijatoka. "Dev."

Mtoto hakunyamaza. Alizidi, akakunja ngumi, akacheua maziwa kwenye sari nyeupe. Kemuma akaona haya, akasema ni tumbo. Padma alimtazama vizuri. Hakufanana na Dev hata ukucha. Alikuwa mtoto wa watu, tumbo linamsokota, na jina lilimtosha vilevile.

"Mwiteni hivyo," akasema. "Mzee nitaongea naye."

Njiani kurudi, kwenye mteremko wa kabla ya Nyamira, alimwona Onyancha akijinyoosha kuifikia breki, mishipa ya shingo imemsimama. Miezi minne mtu huyu amekuwa akiendesha hivi.

"Onyancha. Simama."

Akasimamisha gari kando ya chai.

"Toa mto. Vuta kiti."

"Si lazima, Mama. Nimezoea."

"Miguu yako ni fupi. Dev angekucheka. Vuta."

Onyancha alitoa mto, akainama na kushika kishikio chini ya kiti. Kiti kikagoma, halafu kikateleza mbele. Magoti ya Padma yakabaki huru. Ilikuwa nafasi ya shibiri moja tu. Aliupitisha mkono pale, huku na huku, usiguse kitu. Ndipo akalia, kwa sauti, na akalia mpaka Keroka. Onyancha aliendesha polepole, miguu yake sasa inafika vizuri.