Mwezi Wenyewe Hausujudiwi

Mwaka 1969 Bi Mashavu alikuwa akisomesha Kurani chuoni kwake Mlandege, mjini Unguja, katika chumba kilicho nyuma ya duka la vitambaa. Asubuhi moja alikuwa akiwaeleza wanafunzi wake kwamba watu wa kale waliuabudu mwezi.

"Si ajabu," aliwaambia. "Unang'aa, na siku zetu tunazihesabu kwa kuandama kwake. Hata siku thelathini tumezipa jina lake, tunaziita mwezi. Lakini tumeamrishwa tusiusujudie, tumsujudie Aliyeuumba."

Mara akaingia Bwana Duni, mwenyekiti wa tawi la chama, akakanyaga mkeka na viatu vyake. Mtaa mzima ulimwogopa. Akaamuru watoto wapige magoti na wainamishe vichwa mpaka chini, kumheshimu mkubwa.

Watoto wakamtazama mwalimu wao.

"Kaeni vivyo hivyo," alisema Bi Mashavu. "Bwana Duni, salamu yako nitaiitikia. Lakini mwezi na nuru yake yote tumekatazwa kuusujudia. Wewe una nuru gani?"

Chuo kikafungwa siku ile ile, na kwa amri ya Bwana Duni Bi Mashavu akapelekwa kubeba kokoto kwenye ujenzi wa majumba ya Michenzani kwa wiki mbili. Mikono ilimchubuka, lakini radhi hakuomba.

Siku ya tatu mama za wanafunzi wakamfuata na watoto wao, kila mmoja na karai lake. Wakabeba kokoto pamoja naye, huku akiwasomesha kwa sauti, na msimamizi hakuthubutu kuwanyamazisha.